Fundi Akitafuta, Mlipe

Bro wangu alibandika tepu nyeusi juu ya taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Alisema imemchosha macho na abiria wakiiona wanaanza maswali. Yeye huendesha teksi ya mtandaoni kutoka Umoja, na mteja akishuku gari, nyota zinashuka.

Simcheki. Kabla ya tepu alikuwa ametoa pesa mara nne. Gereji moja huku mtaani ilimfutia taa kwa mia tano, mara tatu. Mara ya nne wakamwekea valvu ya mtumba ya elfu nne na nusu, ati hiyo ndo shida. Taa ikarudi. Kila mara mashine ilionyesha msimbo uleule, P0456, na kila mara hakuna aliyetafuta kitu. Walisoma, wakafuta, wakachukua doo.

Msimbo huo unaongea kuhusu mvuke. Petroli hutoa mvuke hata gari ikiwa imezimwa, hasa ikianikwa juani mchana kutwa. Badala ya kuachwa utoke nje, mvuke unapitishwa kwenye mkebe uliojaa makaa. Si makaa ya jiko, ni makaa yaliyotengenezwa maalum kuunasa. Ukiendesha, valvu inafunguka, injini inauvuta na kuuchoma. Mara kwa mara kompyuta ya gari hufunga njia zote na kuangalia kama presha inakaa. Tundu la kama milimita 1 linaandikwa P0442. La kama nusu milimita ndo P0456. Nusu milimita, wasee! Hiyo huioni kwa kuinama chini ya gari na tochi ya simu.

Sasa hapa ndo mtaa wetu unaingia. Kompyuta haijipimi saa yoyote tu. Kwa magari mengi, injini lazima iwe imepoa vizuri kwanza, na tangi lisiwe karibu kuisha wala lisiwe limejaa pomoni. Na sisi tunaweka mafuta ya mia tano. Hiyo hata lita tatu haifiki. Mshale unaishi pale chini, kwa hivyo gari inaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kujipima hata mara moja. Fundi anafuta taa, inakaa imezima, unamsifu kwa mbogi yote. Halafu Desemba unajaza tangi mwende ocha, asubuhi ya pili taa inawaka. Bro alilaumu barabara ya Machakos. Barabara ya watu haikuwa na makosa.

Najua kuna msee anasema, kwani shida iko wapi, si gari inaenda? Enyewe inaenda. Uvujaji mdogo hivyo hauguzi nguvu ya injini, na ukiniambia utengeneze kwa sababu ya hewa safi ya Nairobi nitakuelewa, lakini najua bro hatakuelewa mwisho wa mwezi. Shida ni kwamba taa ni moja. Inayowaka kwa sababu ya mvuke ndo hiyohiyo ingekuambia injini inaumia. Koili ya silinda moja ilipokufa, taa ilianza kumweta, na taa ikimweta maana yake punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Ilimwetea chini ya tepu. Bro aliendesha gari ikitetemeka karibu wiki mbili, petroli isiyochomeka ikiingia kwenye egzosi, mpaka kile kichujio cha moshi kikaungua. Bili ya hapo siiandiki, mathe husoma posti zangu.

Ndo tukapelekwa na jirani kwa fundi mmoja Kariobangi Light Industries. Akasema kuangalia tu ni elfu mbili. Bro akakasirika: "Mkubwa, unanilipisha macho?" Jamaa hakubishana. Alianza na pua, akazunguka gari akinusa. Akachomoa ile valvu mpya ya mtumba na kupuliza hewa kidogo. Bila umeme haifai kupitisha kitu, na haikupitisha, kumaanisha ilikuwa nzima. Halafu akaunganisha mashine ya moshi, presha ndogo sana, tukangoja. Dakika kama kumi hivi, uzi mwembamba wa moshi ukatokea kwa kifuniko cha tangi.

Kifuniko! Kile cha kwanza kiliibiwa kwa maegesho ya ploti, bro akanunua kingine cha kufuli kisicho cha gari hiyo. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kipya tulikipata Kirinyaga Road kwa mia tisa.

Piga hesabu mwenyewe. Elfu sita tulilipa gereji bila neno, kwa kuwa kila mara kuna kitu kilionekana kimefanyika. Elfu mbili za kutafuta ndo zilitaka kuleta vita. Sisi ndo tumewafunza mafundi kubahatisha. Fundi akikaa saa mbili akitafuta tundu unamwambia "lakini hujabadilisha kitu", unampa mia mbili ya chai. Kesho atakubadilishia kitu chochote, si atakula nini? Wale wa kufuta taa siwatetei, walijua wanachofanya. Lakini tuliwalipa kwa hiyo kazi, mara tatu.

Na kabla hujajaribu mwenyewe kwa kuona ni kifuniko tu: usiunganishe kompresa ya tairi. Tairi ni kama PSI 30, mfumo huu unataka chini ya 1, utapasua mkebe au tangi. Na usiwashe kiberiti kutafuta mvuke wa petroli, nimeona mtu akitaka kufanya hivyo Donholm na nilihama upande wa pili wa barabara. Angalia kifuniko na mpira wake, hiyo ni bure. Ukiwa kwa stesheni, bomba likijikata lenyewe, mwambie mhudumu aache kuongezea, maana petroli ikifika kwenye yale makaa inayaharibu. Zaidi ya hapo, lipa mtu.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Bro akipata siku poa sasa anaweka nusu tangi makusudi, gari ijipime. Tepu niliibandua mimi. Imeacha gundi kwa dashibodi, na kila asubuhi akiwasha gari huangalia hapo kwanza.