Treni ya Makontena Isiyo na Kichwa

Katika majadiliano yetu ya Jumamosi wenzangu walicheka sana niliposema kuwa iko treni ya mizigo isiyo na kichwa. Naam, iko, nayo ni ya Japani. Yaitwa M250, na tangu Machi 2004 hupeleka vifurushi usiku baina ya Tokyo na Osaka.

Treni hii ina mabehewa 16. Manne tu, mawili kila mwisho, yana mota za umeme, na hata hayo hubeba kontena moja moja. Mengine 12 hubeba mawili mawili, jumla makontena 28. Hukimbia hadi kilomita 130 kwa saa na kumaliza safari kwa saa 6 na dakika chache. Kwa kuwa kazi ya kuvuta imegawanywa, hakuna kichwa kizito cha kuilemea reli. Tena dereva ana chumba pande zote mbili, hivyo treni haihitaji kugeuzwa.

Rafiki yangu mmoja aliuliza, kama ni nzuri hivyo, mbona Wajapani wenyewe bado wanavuta treni nyingi za mizigo kwa vichwa? Swali hili ni la haki. Kwa shehena nzito kichwa ni bora, wala simshauri mtu yeyote kupakia shaba au saruji katika treni ya namna hii. Lakini vifurushi, dawa na nguo za dukani ni vyepesi, na hutakiwa asubuhi. Sisi tunayo reli ya umeme tangu 2024, kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Dodoma, na treni za abiria zisizo na kichwa zinapita humo. Mimi nasema tuijaribu na ya vifurushi.

Nasema hivi kwa sababu baba yangu ni dereva wa lori katika njia hiyohiyo, naye husafiri usiku. Mama halali mpaka simu ilie alfajiri.

"Na baba yako atakula wapi?" rafiki yangu akauliza. Hapo nilikwama, maana nauli yangu ya kuja shule hutoka katika posho ya safari zile ndefu. Nilijibu kuwa kontena haliendi lenyewe kutoka stesheni hadi dukani. Wakati wa likizo nilimweleza baba habari hii yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza malori ya kuyapokea makontena hayo huanza kupakia saa ngapi.