Video ikikwaruza, mtoto yuko wapi?

Dada yangu alinitumia kwenye WhatsApp video ya mahafali ya chekechea ya mwanawe. Picha safi kabisa: watoto wamevaa majoho ya bluu, mmoja ananyonya kidole. Sauti ndiyo mbovu. Kila besi ilipopiga, kilichosikika ni mkwaruzo tu. Wimbo wa watoto, ambao ndio alitaka bibi yao wa Kongwa ausikie, haupo. Akaniuliza kama kuna programu ya kuusafisha.

Programu zipo, lakini kwa kosa hili husaidia kidogo sana. Maiki ya simu au ya kamera ya video ina kikomo. Sauti ikizidi hapo, vilele vya mawimbi yake hukatwa, na kilichokatwa hakikurekodiwa popote. Ukipunguza sauti baadaye, mkwaruzo ni uleule, ila wa chini.

Kwa hiyo rudi nyuma kabla hujaanza kurekodi. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali kutoka kwenye spika mara mbili, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi mita 12, umeshusha desibeli 12. Ukumbini hushuka pungufu ya hapo kwa sababu kuta na bati huirudisha. Kaa pembeni, si mbele ya mdomo wa spika. Rekodi nusu dakika dijei akiwa amepandisha, kisha sikiliza. Usisubiri mwanao aitwe jukwaani ndipo ujaribu. Na usizibe maiki kwa kidole, utapoteza maneno ya wimbo na kubaki na besi.

Mwenye kamera ya video aingie kwenye menyu ya sauti, aondoe upimaji wa otomatiki, apange kiwango mwenyewe ili sauti kubwa kabisa iishie karibu na alama ya -12, isifike 0. Baadhi ya kamera zina mpangilio wa kupunguza ukali wa maiki, uwashe. Wanaokwenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo wawe makini hapa. Ukipanga kiwango wakati zeze linapigwa, akina mama wakiingia na ngoma za muheme, rekodi yote inaharibika. Pima kwa muheme. Zeze litasikika chini, lakini hilo unaweza kulipandisha nyumbani.

Nilipoitazama video ile mara ya pili nikasahau habari ya wimbo. Dada alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye spika, na mdogo wao wa miaka miwili yuko mgongoni. Unamwona kwenye kivuli, anageuzageuza kichwa.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari, na mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unakatwa nusu. Karibu na spika kubwa, desibeli 100 si ajabu. Hapo mtu mzima ana dakika kama 20 kwa wiki nzima. Mtoto, ukipiga hesabu hiyo hiyo, hafiki 8. Sherehe zetu mnazijua, saa nne bado keki haijakatwa. Na vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa, havioti tena.

Pamba masikioni haitoshi. Vipo vifuniko vya masikio vya watoto, kama vya mafundi wa mashine, na ukivipata nunua. Usipovipata, mpeleke nyuma kabisa au nje, na mtoto akiziba masikio au akilia kila muziki unapopanda, usimbembeleze palepale. Ondokeni.

Baadaye tukagundua mwalimu mmoja alirekodi wimbo uleule akiwa mlango wa nyuma, simu ya kawaida tu. Watoto wanaonekana wadogo kama njugu, lakini kila neno linasikika. Ndiyo tuliyomtumia bibi.