Herufi Moja ya Jina

Tangazo la nafasi za ukarani likitoka, steshenari za mtaani hukesha. Wiki hii nimemwona kijana wa skana akimsubiri mama aliyekuja na vyeti vya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki, akavinyoosha kimoja kimoja, hakumharakisha. Apewe maua yake.

*

Hapo hapo alikuwapo binti mhitimu wa uhazili, anayeomba nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi. Tumwite Zainabu, maana ndivyo cheti cha kuzaliwa kisemavyo. Cheti cha kidato cha nne kinasema Zainab. Masharti ya usaili yako wazi: majina yakipishana, msailiwa alete hati ya jina iliyosajiliwa. Kwa hiyo kuna wakili, kuna ada, kuna nauli, na tarehe ya mwisho haimsubiri mtu.

Ile "u" aliidondosha nani? Hakika si yeye, alikuwa mwanafunzi. Kuna mtu alinakili orodha ya watahiniwa, labda alikuwa na rundo la fomu mezani na jua linazama. Hakurudia kusoma. Miaka imepita, na anayelipa ni asiyekosea.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kuingiza taarifa kunaitwa kazi ndogo. Pensheni, mirathi, mkopo wa chuo, vyote vinapita kwenye vidole vya karani. Wasaili, nawasihi: kwenye usaili wa vitendo, usahihi upewe alama nyingi kuliko kasi. Mpeni mwombaji fomu zilizojazwa kwa mkono, zenye Ng'waka, Rhobi na Mwanahawa, mwone nani anarudi kukagua alichoandika. Na ofisi iliyokosea jina ilisahihishe kwa gharama yake yenyewe.

*

Hatimkato, maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza: sharti hilo bado linatajwa kwenye matangazo ya nafasi kama anayoomba Zainabu. Libaki. Linafundisha kusikiliza.

*

Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na walioitwa kwenye usaili walizidi 100,000. Sijazoea namba hizi, na sitaki kuzizoea.

*

Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Anayetoka Kigoma kwenda Dodoma kwa mtihani wa mchujo wa saa moja huenda akauza kuku wote wa nyumbani. Walimu wamefanyiwa usaili mikoani mwao. Makarani nao wafanyiwe hivyo, kada zote, kila mara.

*

Narudi kwenye ile hati ya jina na muhuri wake wa wakili, na wiki ijayo nitarudi tena. Cheti cha kidato cha nne kimetolewa na Baraza la Mitihani. Kumbukumbu zake ziko kwa Baraza la Mitihani. Serikali ijiulize yenyewe, imwache mtoto wa mkulima na hela yake ya muhuri.

*

Mlioachwa kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, someni vigezo upya, rekebisheni nyaraka, ombeni tena.

*

Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira ni bure. Anayekudai hela ili "asukume" jina lako ni tapeli, hata kama ni shemeji yako. Usimpe hata senti, kamripoti TAKUKURU.