Kustaafu kwa miaka 60: Deni la pensheni lililosogezwa mbele Kenya

SERIKALI ya Kenya ilipopandisha umri wa lazima wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60, Aprili 2009, waliofurahi na waliosononeka mara nyingi waliishi katika nyumba moja. Baba aliyekuwa amebakisha miezi michache kukabidhi ofisi alipata miaka mitano zaidi ya mshahara. Mwanawe, aliyekuwa na shahada mkononi na asiye na kazi, alionekana kuambiwa asubiri miaka hiyohiyo mitano.

Manung'uniko hayo hayajazimika. Kila suala la ajira ya vijana linapopamba moto, husikika sauti zinazotaka umri wa kustaafu urudishwe 55. Hata hivyo, mjadala huo wa wazee na vijana umefunika swali lililo zito zaidi: nani atalipa pensheni ya mtumishi, na kwa fedha zipi?

Wakati ulivyochaguliwa ulichangia hasira. Serikali ya muungano ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Katika mapatano yaliyozima ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ukosefu wa kazi kwa vijana ulitajwa miongoni mwa matatizo ya muda mrefu yaliyopaswa kutatuliwa. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa Kazi kwa Vijana, uliotoa vibarua vya muda mfupi. Wengi wakaona kwamba mzee ameongezewa miaka ya kazi ya kudumu, na kijana amepewa kibarua cha siku chache.

Serikali nayo ilikuwa na hoja zake. Tangu mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990, yaliyopunguza watumishi na kubana uajiri, idara nyingi zilikuwa na wakongwe wengi na warithi wachache. Kuwaacha wote waondoke wakifika miaka 55 kungezifanya idara hizo zipoteze ujuzi wa miaka mingi kwa muda mfupi. Hoja ya pili, na ndiyo iliyokuwa nzito, ilikuwa fedha.

Hesabu ya pensheni

Chini ya utaratibu wa zamani, serikali haikuwa na mfuko wa akiba wa pensheni za watumishi wake. Pensheni ililipwa moja kwa moja kutoka hazina kuu, yaani kwa kodi ya mwaka uliopo. Aliyestaafu leo alilipwa na mlipa kodi wa leo. Kwa hiyo kila mtumishi aliyebaki kazini miaka mitano zaidi aliiahirishia Hazina ya Kitaifa malipo ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi.

Lakini kuahirisha si kufuta. Kanuni ya malipo humpa mtumishi sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake wa mwisho wa mwaka, kwa kila mwezi aliotumikia. Aliyetumikia miaka 30, ambayo ni miezi 360, anastahili pensheni ya mwaka iliyo sawa na asilimia 75 ya mshahara huo. Akiongezewa miaka mitano anafikisha miezi 420, na haki yake inapanda hadi asilimia 87.5. Mshahara wenyewe nao huwa umepanda katika muda huo. Robo ya haki hiyo anaweza kuibadilisha iwe malipo ya mkupuo siku ya kuondoka.

Ni kweli kwamba serikali iliokoa pensheni ya miaka mitano kwa kila aliyebaki, na ilipata kazi yake kwa mshahara iliomlipa. Hata hivyo, waliozaliwa mwaka 1954, ambao wangestaafu 2009, walianza kuondoka 2014 wakiwa na madai makubwa zaidi kwa kila mmoja. Miaka mitano ya nafuu ilikuwa imekwisha, na hakuna akiba iliyokuwa imewekwa kuwasubiri.

Bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa kuchangia mwaka 2012, lakini mfuko huo ulianza kazi Januari 2021. Katika utaratibu huo mpya mtumishi alianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikichangia asilimia 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Waliozidi umri huo waliruhusiwa kubaki katika utaratibu wa zamani, unaotegemea kodi. Hivyo Hazina inabeba mizigo miwili kwa pamoja: kuwalipa wa zamani na kuwachangia wapya.

Hapo ndipo wito wa kurudi miaka 55 unapokwama. Hatua hiyo ingewatoa kazini watumishi wa marika matano kwa mpigo, na Hazina ingedaiwa malipo yao ya mkupuo kwa wakati mmoja. Wala hakuna hakikisho kwamba kila kiti kitakachoachwa wazi kitapata kijana. Serikali iliyobanwa na madeni ina kila kishawishi cha kukiacha kitupu.

Walio nje ya hesabu

Kwa Wakenya walio wengi, mjadala wa 55 au 60 ni wa watu wengine. Zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini wamo katika sekta isiyo rasmi, ambako hakuna barua ya kustaafu. Waajiriwa wa sekta binafsi walichangia Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, shilingi 200 tu kwa mwezi kwa miaka mingi, na mwajiri kiasi kama hicho, hadi viwango vipya vya asilimia 6 kwa kila upande vilipoanza kutekelezwa Februari 2023.

Kwa mkulima au mchuuzi, umri unaotambuliwa na serikali ni 70. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii umewalenga waliofikisha umri huo na wasio na pensheni, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kati ya nguvu zinapomwishia na siku anapotimiza miaka 70, tegemeo lake ni watoto, na pengine ndio walewale wanaosubiri kazi.

Kwa sababu hiyo, pendekezo lolote la kupandisha au kushusha umri wa kustaafu linafaa kupimwa kwanza kwa akiba iliyopo, ndipo idadi ya miaka ijadiliwe. Mwaka 2009 Kenya ilipata miaka mitano ya kujiandaa, na mfuko wa kuchangia ukaanza miaka kumi na mmoja na miezi tisa baadaye. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kubadilisha tarehe ya kulipa hakujawahi kulipunguza.