Msee Mmoja, Gita Moja, Tiketi ya Ngiri na Soo Tano: Tulipewa Shoo Ama Tulichezwa?

Jumamosi usiku, saa nne na kitu, nje ya ukumbi mmoja mdogo hapo Westi, mashabiki wa msanii mmoja walikuwa karibu kushikana mashati. Si mambo ya pombe. Si mambo ya dem. Ni mambo ya gita.

Stori iko hivi. Huyu msanii, jina naweka kando juu hii stori inahusu wengi, alitangaza shoo. Posta ilikuwa imeiva, tiketi 1,500. Wasee wakatuma doh wakijua wanaenda kuona ile shoo yake ya kawaida: drams, besi, kinanda na madem wawili wa kuitikia. Kufika ndani, stejini kuna kiti kimoja, maiki mbili na chupa ya maji. Jamaa akaingia na gita yake, akakaa, akasalimia watu, akaanza. Dakika tisini. Peke yake. Hakuna drams, hakuna besi, hakuna mtu.

Sasa tukitoka ndio kikaumana.

Chali mmoja wa jaketi ya jinsi alikuwa amekasirika hadi anaongea na mikono. "Mimi kama nataka kuskia gita moja si nibaki kejani? Jirani yangu hupiga kila Jumapili na hanilipishi."

Dem mmoja akamgeukia. "Hiyo ngoma ya tatu nimeiimba miaka miwili kwa mat, kwa bafu, kila mahali. Leo ndio nimeskia ati ni ya mathe yake akiwa mgonjwa. Na bendi singewahi kuskia hayo maneno."

Mwingine, mzee kiasi, yule msee wa miaka arobaini hivi mwenye huja shoo na bibi yake, hakuwa na shida na msanii. Shida yake ilikuwa sisi. "Watu wanaitisha fries kwa sauti katikati ya wimbo. Shoo kama hii mtu akikohoa mnasikia wote. Kama unataka kubonga, enda klabu."

Hao watu watatu ndio nimekuwa nikifikiria wiki mzima. Ukiangalia vizuri, kila mmoja alikuwa anauliza swali moja: tukilipa kuingia shoo, tunanunua nini hasa?

Mtu niliyeenda naye

Kuna kitu sijawaambia. Sikuenda peke yangu. Nilienda na beshte yangu, na huyo beshte yangu ndiye alikuwa akipigia huyo msanii besi. Miaka miwili. Shoo za koleji, arusi, hadi ile tamasha ya Nakuru walirudi saa kumi na moja asubuhi bila kulipwa yote. Mwaka huu mwanzoni akaambiwa kwa simu kwamba mambo imebadilika kidogo, wataongea. Hawajawahi ongea.

Jumamosi akanunua tiketi yake mwenyewe, kama shabiki. Nilimuuliza ako sure. Akaniambia anataka tu kuona.

Ngoma ya nne, kamba ya gita ikakatika. Paa! Katikati ya kiitikio. Ukumbi ukanyamaza. Jamaa akacheka, akatoa kamba ingine mfukoni, akaanza kuibadilisha akituhadithia venye alinunua gita yake ya kwanza. Karibu dakika nne hivi. Wasee walipenda sana hiyo part. Hata yule wa jaketi ya jinsi alicheka, nilimuona.

Lakini beshte yangu akaniinamia akasema polepole, "Hapo mimi ningeshikilia. Drams inaendelea, besi inaendelea, yeye anabadilisha kamba, hakuna mtu angejua."

Hiyo sentensi moja inaelezea kila kitu. Kile mashabiki waliona ni utamu, ukweli, msanii bila mapambo, yeye aliona ni kazi yake ikiwa haiko.

Hii kitu si mpya

Kabla mtu aseme hii ni ujanja wa wasanii wa sahii, turudi nyuma kidogo.

Juni 11, 1988, Uwanja wa Wembley, London. Watu kama 72,000 wameingia kwa tamasha ya kusherehekea Nelson Mandela kufikisha miaka 70, na Mandela mwenyewe akiwa bado jela Afrika Kusini. Shoo inarushwa kwa TV za nchi karibu 67. Stevie Wonder anafaa kupanda, lakini diski yenye imebeba muziki wa kinanda chake cha elektroniki haionekani. Anaondoka akilia. Kuna pengo kubwa hewani na dunia inaangalia.

Wakamtafuta dem wa miaka 24 kutoka Cleveland, Marekani, anaitwa Tracy Chapman. Alikuwa ameshaimba mapema siku hiyo na hakuna mtu mob alikuwa anamjua. Wakamrudisha stejini na gita tu. Hakuna kuseti vyombo, hakuna kungoja bendi. Akaimba "Fast Car". Uwanja wa mpira, msee mmoja, gita moja, na watu wakatulia. Kufikia Agosti albamu yake ilikuwa namba 1 Marekani. Stevie Wonder naye alirudi baadaye usiku huo akaimba, so usimhurumie sana.

Hii ndio stori kila mtu wa gita huwa anatoa akitaka kuprove kwamba bendi si lazima. Na ni kweli. Lakini skia upande wenye huwa wanaruka. Wale watu walikimbia dukani kununua hiyo albamu, walinunua nini? Walinunua rekodi yenye iko na drams na besi. Aliyepiga besi ni Larry Klein, drams ni Denny Fongheiser. Ile sehemu ya "Fast Car" yenye hukufanya utikise kichwa, pale kiitikio kinaingia, hiyo si gita peke yake. Na Februari 2024, Tracy aliporudi stejini kwa Grammy kuimba hiyo ngoma na Luke Combs, kulikuwa na bendi nyuma yao.

So peke yake alifungua mlango. Kukaa ndani ya nyumba ilikuwa kazi ya watu wengi.

Halafu tuje nyumbani. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na African Heritage Band hapa Nairobi, kisha miaka ya themanini akaenda London na nyatiti yake, akapiga hadi kwa stesheni za treni za chini ya ardhi. Huko ndio watu wa Peter Gabriel walimtambua. 1993 akatoa albamu "En Mana Kuoyo", na ngoma yake "Kothbiro" ukaiskia kwa filamu "The Constant Gardener" ya 2005. Aliaga 2019. Msee mmoja, kamba nane.

Lakini ukimwangalia mpiga nyatiti vizuri utaona hayuko peke yake kama venye unadhani. Vidole viko kwa kamba. Kwa kidole cha mguu amevaa pete ya chuma anagonga nayo mbao ya nyatiti, hiyo ni drams. Kwa mguu amefunga njuga. Mdomo unaimba. Yaani ni bendi mzima ndani ya mtu mmoja, na wazee wetu waliiunda hivyo makusudi.

Na kuna kitu ingine. Kwa Wajaluo kuna pakruok. Shabiki anasimamisha mwanamuziki, anajisifu ama anasifu beshte wake, na analipa kwa kusimamisha. Msanii anapata doh hapo hapo, shabiki anapata jina lake kusikika. Hakuna kukaa kimya kama uko kanisani. So yule mzee wa "nyamazeni" pia hana ukweli wote. Shoo ya mtu mmoja haijawahi kuwa na sheria moja. Inategemea mmekubaliana nini mkiingia.

Sasa tuongee doh

Mimi niliachia koleji semesta ya nne juu ya fee, so hesabu ya pesa isiyotosha naijua vizuri. Hii ni hesabu ya karatasi, si ya ile shoo, lakini beshte yangu ameniambia haiko mbali na maisha.

Sema wameingia watu 150, kila mtu 1,500. Hiyo ni 225,000. Ukumbi uchukue 60,000. Spika na fundi wa sauti 35,000. Posta, picha na matangazo 30,000. Inabaki 100,000. Ukiwa na bendi ya watu wanne, kila mmoja 10,000, hapo 40,000 imeenda. Fare, chakula na mahali pa kufanyia mazoezi, weka 10,000. Msanii anaenda nyumbani na 50,000. Akipiga peke yake, anaenda na 100,000.

Mara mbili. Kwa shoo moja. Kama wewe ndio uko na rent, na mtoto, na loni ya simu, ungefanya nini? Kuwa mkweli.

Na hiyo 10,000 ya mpiga besi usiione kubwa. Ni siku tatu za mazoezi, siku ya shoo, kubeba chombo kwa mat ukilipia viti mbili, na kurudi usiku. Baada ya hapo hakuna ingine. Ngoma ikichezwa redioni, haki za mtunzi ziko upande mmoja, na hizo ndizo MCSK iliundwa kushughulikia. Waliopiga kwenye rekodi wako na PRISK. Wenye rekodi wako na KAMP. Beshte yangu hayuko kwenye rekodi hata moja, juu siku hizi besi ya studio inatengenezwa kwa kompyuta. Yeye alikuwa wa stejini tu. Steji ikienda, ameenda nayo.

Hapo ndio naona hii mambo ni kubwa kuliko gita. Kila mtu anakata mahali anaweza. Shabiki anakata shoo mbili anabaki na moja. Mwenye ukumbi anataka watu wachache wenye wanakunywa. Msanii anakata bendi. Na mpiga besi, yeye akate nani?

So tulichezwa ama hatukuchezwa?

Maoni yangu, na unaweza kataa.

Shoo yenyewe ilikuwa moto. Siwezi danganya. Kuna ngoma nilizoea kudunda nazo, na Jumamosi zikanikalia kifuani. Msee mmoja hawezi kujificha. Sauti ikipasuka unaskia, vidole vikiteleza unaskia. Yule dem wa ngoma ya tatu alipata thamani ya kila shilingi.

Lakini jaketi ya jinsi pia ako na pointi. Posta haikusema. Ilikuwa na picha ya bendi mzima, ile picha ya zamani, na beshte yangu mwenyewe ako hapo nyuma, kushoto, ameshika besi. Yaani sura yake iliuza tiketi na yeye mwenyewe akalipa kuingia. Hiyo hapana. Kama ni shoo ya gita moja, andika hivyo kubwa. Watu wataingia. Sisi si watoto, na kuna wasee wengi wangelipa hata zaidi kwa sababu ni gita moja.

Pili, wasanii, mkibadilisha mpango ambieni watu wenu. Si kwa simu ya dakika moja, si "tutaongea". Mtu amekubebea ngoma zako miaka miwili, mwambie uso kwa uso, mapema, apate kutafuta kazi kwingine. Hiyo haikugharimu kitu.

Tatu ni yetu mashabiki. Taja jina la mpiga besi mmoja wa Kenya. Mpiga drams? Ungoje kidogo ufikirie. Tunajua majina ya mabibi wa wasanii, tunajua gari wanaendesha, lakini watu wenye wanafanya tudunde hatuwajui. Na mtu asiyejulikana ni rahisi sana kukatwa. Hakuna mtu atauliza ako wapi.

Tukirudi, kwa mat ya Zimma, nilimuuliza beshte yangu aliona shoo aje. Alinyamaza hadi tukafika Roysambu. Kisha akasema, "Ilikuwa safi. Ile ngoma ya nne, hata na kamba kukatika, haijawahi skika hivyo tukiwa watano."

Nikangoja.

"Sasa nitafute mtu anataka besi," akasema, akagonga mbao, tukashuka.

Wasee, nyinyi mko side gani? Ya jaketi ya jinsi, ya dem wa ngoma ya tatu, ama ya mzee wa "nyamazeni"? Na kama unajua bendi inatafuta mtu wa besi, mwenye hufika mazoezi on time na chombo ni yake, sema.