Blackpool: taa za ufukoni na vyumba vya nyuma

Anayetembelea Blackpool, mji wa mapumziko kando ya bahari kaskazini-magharibi mwa Uingereza, anaonyeshwa kwanza mnara wa mita 158 uliofunguliwa mwaka 1894 kwa kuiga ule wa Paris. Anapanda tramu, anakula samaki na viazi vya kukaanga, anatembea juu ya magati matatu yanayoingia baharini. Majira ya taa yakifika, ufuko unawaka usiku karibu kilomita 10. Ni uzuri wa kweli, lakini anayeishia hapo hajauona mji.

Mji huo ulikuzwa na watu wa kazi. Treni ilipofika mwaka 1846, waliokuja kuujaza ni wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire. Kila mji wa viwanda ulisimamisha mashine juma moja kwa mwaka, na familia nzima zikaenda baharini kwa feza walizoweka kidogo kidogo, maana juma lile halikuwa na mshahara. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938 tu. Wakaaji, zaidi wamama, waliishi kwa kupangisha vyumba: mara nyingi mgeni alinunua nyama yake, mama mwenye nyumba akampikia.

Vita ilipoanza mwaka 1939, vyumba hivyo vilipokea maelfu ya watoto waliohamishwa kutoka miji iliyohofiwa kupigwa mabomu. Serikali iliwalipa wenyeji kiasi kidogo kila juma. Anayesikia habari hii akiwa katika nyumba ya jamaa waliompokea hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Miaka ya 1960 na 1970, ndege za bei nafuu zilianza kupeleka watalii kwenye jua la Hispania. Wageni wakapungua, vitanda vikabaki. Nyumba nyingi za wageni ziligawanywa kuwa vyumba vya kupanga, na maskini kutoka sehemu zingine wakaja kukaa humo. Katika hesabu za serikali za mwaka 2019, kati ya mitaa 10 yenye umaskini mkubwa kuliko yote Uingereza, 8 ilikuwa Blackpool.

Si haki kuwatupia lawama wale waliofika na begi moja. Wao walifuata chumba walichoweza kulipia. Mji uliegemea kazi moja, tena ya majira, na kazi ile ilipopungua, hakukuwa na nyingine ya kutosha kushika nafasi yake. Kwa hiyo viongozi wa mji kama huo wasijisifu kwa hesabu ya watalii peke yake. Waseme pia ni vyumba vingapi vimeondolewa unyevu, na ni vijana wangapi wana kazi taa zikizimwa.

Mgeni naye, akisha kuushuka mnara, avuke barabara aingie mitaa ya nyuma, anywe chai yake huko. Ndiko wanakoishi wale wanaomtandikia kitanda.