Ustaarabu Haupimwi kwa Kuta

Bwana mmoja amechapisha kauli kwamba, kwa kuwa mji wa kale wa Uruk, Mesopotamia, ulikuwa na mahekalu na maandishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ilhali sisi wa Minago, Burundi, hatukurithi kuta, mwambao huu wa Ziwa Tanganyika hauna tarikhi. Hasha! Mfinyanzi wa utamaduni wa kale wa Urewe, ambaye vigae vyake mtafiti Jean Hiernaux alivichunguza Rwanda na Burundi katika miaka ya 1950, alichora mistari shingoni mwa chungu na kubonyeza kishimo kitakoni, naye mhunzi wa zama zake akiyeyusha chuma. Na huko Uvinza, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, chumvi ilipikwa yapata miaka 1,500 iliyopita. Elimu hiyo si haba. Tuchimbe ardhi yetu kwanza, ndipo tuihukumu.